Kiwanja Chenye Watu

Nimestaafu nikiwa na hasira, na nimeona niandike kabla haijapoa. Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na doti mbili za khanga, na mshereheshaji akasema nimeitumikia ardhi kwa upole. Saa inafanya kazi vizuri, asanteni. Huo upole sijui mliuona wapi. Mama mliyemzoea akizunguka Kasulu na buti za mpira alikuwa anasaga meno.

Vyeo nilivyopanda na kozi nilizopelekwa sitaviandika. Viko kwenye faili langu na havikumsaidia mtu. Nataka mjue habari za kiwanja kimoja tu, kwa sababu nyinyi mliobaki ofisini mtapelekwa kwenye kiwanja cha namna ile, kama si mwaka huu basi ujao, na mwenye hati atawaambia kwamba ni kitupu.

Kibondo niliingia mara ya kwanza nikiwa binti, nimetoka chuoni kwetu Tabora na viatu vya kisigino kifupi ambavyo tope jekundu la kule lilivimaliza wiki ileile. Bosi wangu alikuwa Mzee Sanga, mtu wa Njombe, mwembamba, mwenye koti moja la mvua ambalo aliivika mashine ya kupimia kabla ya kujivika mwenyewe. Theodolaiti, ndiyo mashine yenyewe, siku zile ilikuwa nzito kama mtoto wa miaka mitano, na ukiiangusha unaandikiwa barua ndefu kuliko ukimwangusha mtoto.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kijiji cha Kumsenga. Nilidhani tukifika tutatandaza vifaa. Mzee Sanga akaanza kuamkia watu. Mnajua salamu za Waha: unainama, unapiga makofi polepole, unaulizwa ulivyoamka, wazazi walivyoamka, mifugo ilivyoamka. Mwakeye, mwakeye, nyumba baada ya nyumba. Jua likapanda mpaka utosini na miguu mitatu ya mashine ilikuwa bado imefungwa kamba. Mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira, maana nilitaka kuonyesha nilichosomea. Jioni, tukirudi, akaniambia, "Binti, mashine inaona nukta. Nyumba haiioni mpaka wewe uichore. Usipoichora, atakuja mtu baadaye aseme haikuwepo."

Basi akanifundisha kuchora kila kitu. Nyumba ya tofali, nyumba ya udongo, jiko la nje, choo, zizi, kaburi. Alisema ramani isiyo na kaburi katika nchi ya watu wanaozika nyumbani ni ramani ya mtu aliyepima akiwa ndani ya gari. Nimezichora nyumba hivyo maisha yangu yote ya kazi, na kuna wakubwa wamenicheka kwa hilo.

Msije mkafikiri nawachukia wenye ardhi. Mwaka 2012, nilipokuwa nimerudi Kibondo kwa mara ya pili, nilisimama na Mzee Bukuru, dereva mstaafu, ambaye shamba lake la kahawa lilimegwa na majirani wakati anauguza mke. Walisogeza miche ya mpaka usiku baada ya usiku, kidogo kidogo, kama panya anayekula sabuni. Nikaenda, nikapima, nikawaambia mbele ya kijiji kizima kwamba shamba ni la Bukuru na warudi walikotoka. Walinitukana kwa Kiha wakidhani sikielewi. Mzee alirudishiwa shamba lake na mimi nilifurahi. Mtu akihangaikia ardhi yake, akailima, akailipia, ni haki yake. Sijawahi kusema vinginevyo. Wanaosema mimi ni mama wa wavamizi hawakuniona siku ile.

Baadaye mwaka uleule nikahamishiwa Kasulu. Sikuwa nimemaliza kufungua maboksi alipokuja ofisini Bwana Festo.

Festo alikuwa muuza vifaa vya ujenzi, mtu wa makamo, msafi, sauti ya chini, anayekuita "mama yangu" kabla hajakaa. Kanisani kwake alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa na hati ya eneo kubwa pembeni mwa mji, juu ya barabara ya kwenda Kibondo, ardhi ya marehemu baba yake. Mji ulipopimwa yeye ndiye aliyekuwa akijua ofisi na milango yake, na hati ikatoka kwa jina lake. Ombi lake lilikuwa la kawaida kabisa: bikoni, zile nguzo fupi za zege za mpakani, zimefunikwa na udongo, anataka aonyeshwe mipaka.

Nikaenda na vijana wawili wa kufyeka. Bikoni tulizipata, zote zimekaa mahali pake. Lakini ndani ya zile bikoni kulikuwa na mtaa. Nyumba kumi hivi, za udongo na za tofali za kuchoma, migomba katikati, njia zilizokanyagwa mpaka zikang'aa, makaburi chini ya mgongo wa kilima, na kwenye nyumba ya katikati, amekaa kwenye mkeka anachambua mbegu kwa vidole, bibi mmoja mwenye macho yenye ukungu.

Nikainama, nikapiga makofi, nikamwamkia. Akacheka.

"Wewe si wa ofisini," akasema. "Wa ofisini huwa wanasimama tu."

"Ni wa ofisini, Bibi. Nimekuja kupima."

"Ametuma Festo?"

"Ndiyo. Unamfahamu?"

"Nimemzaa."

Huyo ndiye Bibi Nyandwi. Tulikaa naye, na habari yote alinipa siku ileile, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiha. Mumewe alipofariki, Festo alikuwa mbali anatafuta maisha, na mabinti walikuwa wameolewa. Bibi alibaki peke yake juu ya kilima kile na nguruwe mwitu waliokula muhogo wake wote. Ndipo alipowaita watu. Wa kwanza alikuwa Butoyi, mwanamke kijana aliyeachwa na mume huko Muyama, akiwa na watoto wawili. Bibi alimwambia, jenga hapa, tusikie sauti za watoto. Baadaye wakaja wengine, kila mmoja akipewa sehemu mbele ya wazee wa ukoo, na pombe ya ndizi ikanywewa, ambayo kwa Waha ni muhuri tosha. Macho ya Bibi yalipoanza kuingia ukungu, Butoyi ndiye aliyekuwa anamchotea maji, anamwogesha, anamshika mkono kwenda kanisani.

"Niliwapa mimi," Bibi akasema. "Na bado niko hai. Mwambie Festo asigawe urithi wangu kama nimekufa."

Niliwachora wote. Nyumba, majiko, vyoo, makaburi. Siku Festo alipokuja kuonyeshwa bikoni nilimzungusha mpaka wote, kisha nikamkalisha nyumbani kwa mama yake, kwenye kivuli cha paa la jiko, na majirani wakiwapo. Nikamweleza mbele yao. Hati ni yako, hakuna anayebisha. Lakini hawa hawakuruka ukuta, walikaribishwa na mama yako, na wamekaa hapa miaka mingi kuliko hati yenyewe. Tukate viwanja, kila mmoja abaki na pake, wewe ubaki na sehemu ya barabarani yote, ndiyo yenye biashara. Ukitaka waondoke kabisa, basi walipwe fidia ya nyumba zao kwanza na wapewe muda.

Festo alitikisa kichwa kwa kukubali. Akamshika mama yake mkono, akamwita mama kwa Kiha. "Mawe, usiwe na wasiwasi. Hawa ni ndugu zangu. Mama Ardhi huyu atakata viwanja, mimi nitasaini."

Watu wakapiga makofi. Butoyi akaleta ndizi za kuchoma. Nilirudi ofisini nikijisifu kimoyomoyo kwamba Mzee Sanga angeniona angefurahi.

Kwa miaka miwili kila nilipomkumbusha Festo alikuwa safarini, au ana mgonjwa, au anasubiri mwenzake wa biashara. Michoro ya viwanja ilikuwa tayari mezani kwangu imeanza kuwa ya njano. Sikumlazimisha, maana sheria hainipi mkono wa kumkamata mtu anisainie. Watu wale waliendelea kuishi. Butoyi alibomoa kuta za udongo akajenga za tofali, kwa sababu aliambiwa ni ndugu.

Halafu ukaja mwaka 2015. Hakuna haja niwaeleze, mlikuwepo. Warundi walivuka mpaka kwa maelfu, kambini Nyarugusu pakajaa, na nyuma yao wakaja watu wa mashirika na magari yao meupe. Simlaumu mkimbizi. Mtu anayekimbia na godoro kichwani hajui bei ya chumba Kasulu. Nawalaumu wenyeji wetu waliozigeukia nyumba zao kama mtu aliyeokota dhahabu chini ya kitanda cha mgeni. Kodi zilipanda mpaka ikawa kichekesho. Nesi wa hospitali, jirani yangu, aliambiwa na mwenye nyumba atoke mwisho wa mwezi kwa sababu kuna "mtaalamu" anayetaka nyumba nzima. Aliyekuwa anawazalisha wake zenu akahamia chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Mwalimu mmoja alirudi kutoka darasani akakuta vyombo vyake barazani. Na kila ukimuuliza mwenye nyumba, jibu ni hilohilo: nyumba ni yangu. Ni kweli ni yako. Na huyo uliyemtoa naye ni wa nani?

Ndipo Festo akarudi ofisini kwangu. Safari hii hakuniita mama yangu.

"Kuna watu wanatafuta eneo la kuegesha magari na kuweka maghala," akasema. "Nataka uje uzipige nyumba zile alama ya kubomolewa. Wiki hii."

"Tulikubaliana kukata viwanja. Ulisema mbele ya mama yako."

"Nilisema ili mama alale. Ardhi ni yangu, hati unaijua."

"Naijua. Na nyumba nazijua. Fidia je?"

Akavuta kiti karibu, akashusha sauti. "Mama Ardhi, hebu tuongee kiutu uzima. Wale ni Warundi. Wewe ni mtu wa Tabora huwezi kuwatofautisha. Sikiliza majina yao. Butoyi. Hilo ni jina la Mtanzania?"

Wenzangu, hapo ndipo damu ilinipanda. Mtu wa Kigoma, Muha, anajua kabisa kwamba mpaka ule ulichorwa na Wazungu katikati ya majina ya watu. Na anajua neno lile likitamkwa mwaka ule lilikuwa na kazi gani. Ukimwita mtu Mrundi, hakuna tena anayeuliza amejenga lini.

"Na mama yako," nikamuuliza, "Nyandwi ni jina la wapi?"

Akainuka, akatoka bila kufunga mlango.

Niliwaambia Butoyi na wenzake wafungue shauri baraza la kata siku ileile. Wakafungua. Wazee wa baraza walikaa, na Bibi Nyandwi aliletwa kwa baiskeli, Butoyi akisukuma. Festo alikaa upande wa pili na shati jeupe. Mwenyekiti wa baraza alimuuliza Bibi kama ni kweli aliwapa watu ardhi.

"Niliwapa," akasema.

"Hati inasema ni ya mwanao."

"Hati ilipokuja mlimani mimi nilikuwa nimekaa pale na hawa tukila. Haikuniamkia."

Watu walicheka, hata wazee wa baraza. Festo hakucheka. Mwenyekiti akasema kila mtu abaki alipo, pasiguswe kitu, na shauri litaendelea baada ya wao kwenda kuangalia eneo wenyewe. Tulitoka pale tukidhani tumepata pumzi.

Wiki iliyofuata Festo alikwenda kwa mama yake na gari, mpole kama zamani. Akasema amepata daktari wa macho Kigoma mjini, anatoa ukungu, mtu anaona tena. Mama alitamani kwenda na Butoyi. Festo akasema gari limejaa, na hospitali hawataki watu wengi. Butoyi mwenyewe ndiye aliyemfungia Bibi nguo kwenye kitenge na kumpandisha garini. Aliniambia baadaye kwamba siku ile alimuombea Festo heri.

Kijiko cha kubomolea kilipanda kilima Jumamosi asubuhi, na nyuma yake vijana wa kukodiwa wenye marungu. Nilipigiwa simu nikiwa sokoni. Nilipofika nyumba tatu zilikuwa chini tayari. Watu walikuwa wanakimbia na vitu vyao kwenda ng'ambo ya barabara: vitanda, kuku, mlango uliong'olewa na bawaba zake. Baba mmoja mgonjwa alikuwa amekaa juu ya kitanda, ukuta wa mbele haupo, barabara nzima inamwona amevaa singlendi. Butoyi alikuwa juu ya paa lake anang'oa mabati kwa mikono kabla mashine haijamfikia, na damu inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Nilimfuata Festo. Alikuwa amesimama kando ya gari lake na mwavuli, maana manyunyu yalikuwa yameanza.

"Amri ya kubomoa iko wapi?"

"Kubomoa kwangu kunahitaji amri?"

"Shauri liko barazani. Waliambiwa pasiguswe."

"Baraza lije lizuie." Akanyoosha kidole kwenye bikoni ya kona. "Si wewe uliyenionyesha mpaka? Mimi nasafisha ndani ya mpaka ulionionyesha."

"Nilikuonyesha na nyumba. Tulizunguka wote, ukaziona, ukala ndizi zao."

Nikaenda nikasimama mbele ya nyumba ya Bibi Nyandwi, kwa kuwa nilidhani hiyo hataigusa. Simu yangu ikaita. Alikuwa mkubwa wangu mmoja wa kazi, simtaji, naye amestaafu. Akaniambia, "Mama, toka hapo. Hati ni yake. Usituingize kwenye madai." Nikamwambia huku kuna watu. Akasema, "Ardhi ikishakuwa na hati, watu ni suala la maendeleo ya jamii." Nimeinukuu vile alivyoitamka, mchague wenyewe namna ya kuicheka.

Sikutoka. Vijana wawili wenye marungu walinishika mikono wakanisogeza kando, kwa heshima zote, mmoja wao akisema "samahani mama" kila hatua. Kijiko kikaingia kwenye chumba cha Bibi kupitia dirishani. Mkeka wake ulinasa kwenye meno ya chuma ukapanda nacho juu.

Tulipokwenda polisi kutoa taarifa tuliambiwa ardhi ni jambo la madai, tufungue kesi. Kwa hiyo mtu akikuibia kuku ni mwizi, akikubomolea nyumba na kuku wako ndani ni mdai. Mvua ilinyesha usiku ule wote. Waliokuwa na ndugu waliwafuata, wengine wakarudi Muyama, wengine wakaenda Kibondo kulima vibarua. Mtaa mzima ulitawanyika kabla nguo hazijakauka.

Bibi alirudi baada ya siku chache. Festo alikuwa na mpango wa kumpeleka moja kwa moja nyumbani kwake mjini, lakini Bibi alikuwa anaona. Daktari alikuwa amefanya kazi nzuri. Gari lilipofika barabara ya juu akaitambua njia panda, akaitambua miti, akamwambia dereva apinde. Dereva alikuwa kijana aliyelelewa kumtii mwanamke mzee, akapinda.

Mimi nilikuwepo, na Butoyi, tunatafuta sufuria kwenye kifusi. Bibi alishuka peke yake, bila kushikwa. Akasimama. Alikuwa hajapaona mahali pale kwa miaka mingi, na sasa hapakuwa na kitu cha kuona isipokuwa udongo mwekundu, migomba iliyolala, na makaburi ambayo kijiko kilikuwa kimeyakwaruza upande mmoja. Akamtazama Butoyi muda mrefu. Nilielewa kwamba alikuwa hajaiona sura yake tangu Butoyi alipokuwa kijana.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mawe."

"Umezeeka."

Butoyi akaanza kulia. Bibi hakulia. Akauliza, "Nyumba yangu ilikuwa wapi hapa?" Tukamwonyesha. Akaenda akasimama pale. Akasema taratibu, kama anayejisemea, "Afadhali wangeniacha na ukungu wangu." Kisha akamwambia dereva amrudishie Festo gari lake, yeye ana miguu.

Hakuingia nyumbani kwa Festo, si siku ile wala baadaye. Alikwenda kuishi na Butoyi katika chumba cha kupanga kule bondeni, karibu na machinjio, ukuta wa mbao na choo cha kuchangia na wapangaji wengine. Mwenye nyumba yule naye alikuwa ameanza kusema habari za kupandisha kodi.

Nilimweleza Bibi jambo moja ambalo kesi ya majirani haikuwa nalo. Ardhi ilikuwa ya mumewe, na mirathi haikufunguliwa kamwe. Hakuna aliyemuuliza mjane. Nikamwambia anaweza kudai, na kudai huko maana yake ni kumpeleka mahakamani mtoto aliyemzaa. Nilimpa muda afikirie. Hakuutaka.

"Twende kesho," akasema. "Macho wamenipa, nitaona hata jina langu nikiweka kidole."

Tulikwenda. Nilitoa maelezo yangu, nikapeleka na mchoro wenye kila nyumba. Mkubwa wangu aliniita akaniuliza kama nataka kustaafu kwa amani au kwa barua. Nikamwambia kwa vyovyote vile, mradi nistaafu. Festo alileta mchungaji, akaleta wajomba, akaleta dada zake kutoka walikoolewa, wote wakimsihi mama asimwaibishe mwanawe. Aliwasikiliza wote, akawapa chai, na shauri halikufutwa. Nimeondoka Kasulu likiwa bado linaendelea, na sitawadanganya kwamba najua litakwisha vipi. Wale waliotaka maghala walikwisha kupata eneo kwingine kabla hata kifusi hakijasombwa. Pale kilimani sasa kuna uzio wa mabati unaozunguka magugu. Watu wametolewa ili nyasi zikae.

Siku moja kabla sijapanda basi nilikwenda kumuaga Bibi. Ilikuwa mchana, mlango uko wazi, pazia limeshushwa. Butoyi alikuwa anapika maharage kwenye jiko la mkaa pale pale ndani kwa sababu nje kulikuwa na mvua, na Bibi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, mara ya kwanza, ya pili, akijisifu kama msichana. Nikakaa kwenye kitanda, maana kiti hakikuwepo.

Tukasikia gari linasimama nje. Kisha sauti ya chini, ya mtu msafi.

"Hodi."

Butoyi alinitazama. Bibi aliendelea kuangalia sindano yake. Kupitia chini ya pazia tuliviona viatu vya Festo, vimeshaingia tope, na kando yake pembe ya gunia la mchele alilokuwa ameliweka chini.

"Hodi, mawe. Ni mimi."

Kwetu mtu akibisha, hata adui, kinywa kinaitika chenyewe. Mimi mwenyewe neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, nikalimeza, kwa kuwa haikuwa nyumba yangu. Mvua ikaongezeka juu ya bati. Alisubiri pale, mtu mwenye hati, nje ya pazia la kitenge, na hakulisogeza. Desturi ilimshinda, au aibu. Sijui.

"Hodi," akasema mara ya tatu.

Bibi Nyandwi alikata uzi kwa meno.

Viatu vikageuka. Gunia nalo likaondoka. Gari lilipokwisha kuwaka na kupanda kilima, Bibi akaniwekea mkono gotini.

"Butoyi," akasema, "mpakulie mgeni."